Kura Zilizotafunwa

Kaltumi hakuwa mtu wa kukaa bure. Kila asubuhi, kabla jua halijafika juu ya mabati ya Kawempe, alikuwa amekwisha washa jiko na kukoroga unga. Alipika gurusa, mkate wa Wanubi unaopikwa juu ya bamba la chuma. Wateja walisimama mlangoni na sahani zao. Kila mmoja aliondoka na mkate wa moto na maneno mawili ya utani.

Mumewe, Kamis, alikuwa dereva wa lori. Asubuhi moja alionja chai yake, akakunja uso.

"Mama Safinah, chai hii ni maji ya moto tu."

"Shukuru kwamba yamechemka," Kaltumi akamjibu. "Ukiiona sukari huko mjini, ilete."

Kamis akacheka. Ulikuwa mwaka 1976. Sukari ilikuwa adimu Kampala nzima. Sabuni ilikuwa adimu. Chumvi nayo ilikuwa imeanza kujificha. Aliyepata kitu hakusema amekipata wapi.

Hata hivyo nyumba yao ilikuwa na furaha. Binti yao Safinah alikuwa anaolewa, na zilibaki wiki tatu tu. Wageni wangetoka Kibuli, wangetoka Bombo, na wengine hata Arua. Mchele ulikuwa tayari. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba, wakila kila kitu hata kamba. Kaltumi alikuwa amechemsha kahawa ya kutafuna pamoja na majani ya kunukia, kisha akaianika. Ilijaa kikapu kizima, maana Kampala mgeni hukaribishwa kwa punje chache za kahawa kavu mkononi.

Kilichokosekana ni sufuria kubwa za kupikia.

"Nenda kwa Sajenti Otema," Kamis alisema. "Wewe ni mwanachama kama wengine."

"Nitakwenda. Lakini unajua aliyetuharibia ni nani."

Kamis akatazama mlangoni. Alijua vizuri sana. Aliyeharibu ni yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Watu wa mtaa wao walikuwa na chama cha kusaidiana. Waganda huita chama kama hicho munno mukabi, yaani rafiki yako wa wakati wa shida. Chama kilikuwa na sufuria sita kubwa, sahani za bati themanini, maturubai mawili, na majembe ya kuchimbia kaburi. Mwenye harusi aliazima. Mwenye msiba aliazima. Katika sufuria hizo haikupikwa nyama ya nguruwe hata siku moja. Waislamu walikuwa wameomba hivyo, na Wakristo walikubali bila maneno.

Mtunza vyombo alichaguliwa kila mwaka. Na kila mwaka, kwa miaka mitano, alichaguliwa Otema. Alikuwa sajenti wa polisi aliyestaafu, mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha uchaguzi.

"Watu yote simama!" alipiga kelele. "Nataka laini mbili! Anayetaka Otema, nyuma ya Otema. Anayetaka mtu ingine, nyuma ya mtu yake!"

Kisha aligeuka na kuangalia nani amesimama wapi. Alikuwa na macho yasiyosahau. Mwaka uliotangulia, Kamis na wenzake sita walisimama nyuma ya fundi cherehani anayeitwa Komakech. Tangu siku hiyo nyumba zao saba hazikuona hata mfuniko wa sufuria.

Kaltumi alivaa vizuri, akaenda. Alimkuta Otema uani kwake, anapiga viatu brashi.

"Shikamoo, Sajenti."

"Marahaba, Mama Safinah. Iko shida gani?"

"Harusi ya mtoto. Naomba sufuria, Jumamosi ya tatu kutoka leo."

Otema akatikisa kichwa polepole. "Sufuria iko kazini. Yote iko kazini."

Kaltumi akaangalia nyuma yake. Sufuria zote sita zilikuwa zimepangwa ukutani. Ndani ya moja kuku alikuwa amelala juu ya mayai.

"Na huyo kuku, Sajenti? Naye yuko kazini?"

"Huyo iko kazi ya maana," Otema akajibu bila kucheka.

Kaltumi alirudi nyumbani na hasira imemkaba. Angewalisha nini watu wa Arua? Wangekula zamu kwa zamu kutoka kwenye kijisufuria cha chai? Aliona aibu hata kabla ya siku ya aibu kufika. Alianza kupika gurusa za jioni, na siku hiyo unga ulipigwa kuliko ilivyohitajika.

Jirani yake Anena akatokea. Alikuwa karani katika ofisi ya ushirika, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alikuwa ametoka Gulu zamani. Mumewe alikwenda kazini siku moja mwaka 1972, na hakurudi. Mtaani hakuna aliyeuliza kwa sauti. Watu walimletea tu ndizi na maharage, na Kaltumi hakupokea malipo ya mkate wake.

"Leo unga umekukosea nini, dada?" Anena aliuliza.

Kaltumi akamwambia yote, pamoja na kuku.

"Jumapili hii ni uchaguzi," Kaltumi akamalizia. "Mimi nitasimama nyuma ya Otema. Kamis atasimama nyuma yangu. Tutatabasamu mpaka mashavu yaume. Nitapata sufuria zangu, basi."

"Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao sina harusi."

"Unamtaka Otema kweli?"

"Namtaka wapi! Lakini kura inafaa nini? Mwaka sitini na mbili nilipiga kura, na mtoto mgongoni. Tulicheza ngoma. Kisha? Wakubwa waligombana wao kwa wao. Uchaguzi wa mwaka sabini na moja haukufika. Vikaja vifaru. Sasa vyama vya siasa vimepigwa marufuku, na mkikaa watu watano mnaulizwa mnaongea nini. Kura ni mchezo wa kutupotezea siku."

Anena alikaa juu ya kigoda, akaweka sahani yake magotini.

"Hasira yako ni ya haki," alisema. "Lakini fikiri, dada. Miaka mitano Otema anashinda. Kwa nini?"

"Kwa sababu anatuona tukisimama."

"Basi ubaya hauko kwenye kura. Ule ni ukaguzi wa polisi, wewe unauita uchaguzi. Mtu akichagua huku anatazamwa na mwenye ufunguo wa stoo, hachagui. Anajiokoa. Kule kwenye ushirika wakulima wa pamba huchagua kwa siri. Hakuna anayejua mkono wako umekwenda wapi. Na kuhesabu kunafanywa mbele ya wote."

"Hao ni wakulima wa pamba. Sisi ni watu wa sufuria."

"Nchi nzima tumefungiwa mlango wa kura," Anena akasema kwa sauti ya chini zaidi. "Mimi na wewe hatuwezi kuufungua leo. Lakini tukisahau hata namna ya kuchagua mtunza sufuria, siku mlango ukifunguliwa tutamchagua nani? Tutajipanga tena nyuma ya mwenye macho makali."

Kaltumi akageuza mkate. Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalitoka kwa Anena. Yeye ndiye aliyepoteza kuliko wote, na ndiye aliyekuwa bado anaamini.

"Otema hatakubali," alisema mwishowe.

"Niachie mimi," Anena akasema, akatabasamu.

Kesho yake Anena alikwenda kwa Otema. Kaltumi alimsindikiza, akasimama pembeni.

"Mzee Sajenti, watu wana maneno mabaya," Anena alianza. "Wanasema wanakuchagua kwa woga."

Brashi ya viatu ikasimama. "Woga? Watu inanipenda!"

"Hata mimi nimewaambia hivyo. Sasa ungewaonyesha. Wapige kura kwa siri, wasionekane. Ukishinda kwa siri, nani atakusema tena?"

Otema akasimama wima kama anapokea salamu. "Weka siri! Weka hata siri mbili! Otema haogopi."

Njiani Kaltumi alicheka mpaka akashika mti.

Jumapili ikafika. Barua ya ruhusa ilitoka kwa chifu wa muluka, yaani mkuu wa kata. Iliandikwa: "Mkutano wa vyombo vya kupikia." Wanachama arobaini na watatu walikusanyika uani kwa Komakech, kwa sababu alikuwa na chumba kimoja chenye pazia. Ndani ya chumba viliwekwa vyungu viwili. Kimoja kilifungwa kitambaa chekundu, nacho ni cha Otema. Cha pili kilifungwa kitambaa cheupe, nacho ni cha Komakech.

Karatasi zilikuwa adimu, na wengi hawakujua kuandika. Wangepiga kura kwa kutumia kitu gani? Kaltumi akajitolea. Alileta kikapu chake cha kahawa ya harusi. Kila mtu angepewa punje moja, aingie ndani, aitie katika chungu anachotaka. Aliona ni wazo zuri sana, akajisifu moyoni. Alikaa mlangoni na kikapu, akampa kila mtu punje yake moja moja.

"Karibu. Chukua. Karibu. Chukua."

Watu walipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Walisimama kwenye foleni wakiongea habari za sukari. Mmoja mmoja waliingia na kutoka. Mambo yalikwenda vizuri mno.

Kisha vyungu vikatolewa nje, na Anena akahesabu. Komakech alipata kumi na saba. Otema alipata kumi na tano.

"Kumi na saba na kumi na tano ni thelathini na mbili," Kamis alisema polepole. "Sisi tuko arobaini na watatu."

Halafu ukalipuka moto.

"Kura kumi na moja imeibiwa!" Otema alinguruma. "Hiyo kumi na moja yote ni yangu!"

"Ni za Komakech!" wengine wakapaza sauti.

"Nani alishika kikapu?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Mama Safinah! Si yeye aliyenyimwa sufuria?"

Macho yote yakamgeukia Kaltumi. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Alichukua kikapu chake, akaenda nyumbani. Wala hakumsubiri mumewe.

Jumatatu wateja wa gurusa walikuwa nusu. Jumanne walikuwa robo. Safinah aliwasikia wanawake kwenye bomba la maji wakisema kwamba harusi ya wizi haina baraka. Alirudi analia, na ndoo tupu.

"Si nilikwambia?" Kaltumi alimwambia Anena. "Kura ni hivyo. Afadhali laini ya Otema. Ile ilinipotezea sufuria. Hii yako imenipotezea jina."

Anena alimshika mkono. "Una haki ya kunilaumu. Lakini punje haziruki. Kumi na moja zimekwenda mahali. Tutazitafuta."

"Wapi?"

"Sijui. Tuanze kwa kuuliza, bila kumshitaki mtu."

Walianza kwa Jjajja Nalwoga. Alikuwa mwanachama mkongwe kuliko wote, bibi mwenye meno machache na masikio makali. Aliwatandikia mkeka. Kisha akaleta kibakuli cha kahawa, kama desturi ilivyo.

"Tafuneni, wanangu. Lakini yangu haifiki ile ya kwako, Kaltumi. Ile ya Jumapili ilikuwa tamu! Uliweka majani gani?"

Kaltumi akasimamisha mkono hewani. "Ya Jumapili ipi, Jjajja?"

"Ile uliyonipa mlangoni."

"Jjajja! Uliitafuna?"

"Wangi? Unasemaje? Nifanye nini nayo?" Bibi alishangaa. "Mtu amekaa mlangoni. Anasema karibu, ananipa kahawa mkononi. Nikiiweka chini nitakuwa nimemtukana. Nilitafuna, nikaingia ndani wa kwanza. Nikaona vyungu viwili vitupu vitupu. Nikasema, banange, jamani, hawa wamesahau kupika. Nikatoka."

Kaltumi alimwangalia Anena. Anena alimwangalia Kaltumi. Walicheka mpaka machozi yakatoka, na Jjajja Nalwoga akacheka nao, ingawa hakujua kinachochekwa.

Kuanzia hapo walikwenda nyumba kwa nyumba. Hawakuuliza, "Nani ameiba?" Waliuliza, "Punje yako uliifanya nini?" Mwuza mkaa alijishika kinywa. Alikuwa akiongea habari za sukari kwenye foleni, na taya zikafanya kazi zenyewe. Mke wa muuguzi aliitafuna nusu, akaona aibu kuweka nusu nyingine. Ndugu wawili waliitafuna pamoja, kama walivyofanya kila kitu. Ikafika Ijumaa, wakawa wamepata watu kumi.

"Mmoja bado," Kaltumi alisema. Furaha yake ikapungua. "Mmoja akikosekana, huyo mmoja watasema niliiba mimi."

"Jumapili tutamwuliza mbele ya wote," Anena akasema. "Na safari hii tutapanga vizuri. Kosa halikuwa la Jjajja. Kosa ni letu tuliopanga. Tulimpa mtu chakula mkononi, hatukumweleza ni cha nini. Vyungu hatukuvionyesha. Waliotia punje hatukuwahesabu. Kisha tukataka watuamini bure tu. Watu huamini kile walichokiona kwa macho yao."

Jumapili ya pili watu walikuja na nyuso zilizokunjwa. Kaltumi alisimama mbele. 

"Ndugu zangu, mlisema mimi ni mwizi. Leo nawaletea wezi wenyewe. Jjajja, tafadhali."

Jjajja Nalwoga akainuka na fimbo yake. "Mimi nilitafuna," akasema kwa fahari. "Na ilikuwa tamu."

Watu wakapigwa na butwaa. Mwuza mkaa akainua mkono. Mke wa muuguzi akainua nusu mkono. Mmoja baada ya mwingine walisimama, mpaka kumi. Uani kukajaa kicheko. Kamis alikuwa amekaa chini kabisa, anashika mbavu.

"Mnaona ni kumi," Kaltumi akasema. "Ilipotea kumi na moja. Aliyebaki anajijua, nami simjui. Namwomba aniokoe jina langu. Mtoto wangu anaolewa Jumamosi."

Kicheko kikakatika. Watu wakaangaliana.

Kwenye kiti cha mbele mtu akakohoa. Sajenti Otema akasimama. Alivua kofia.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?" watu wakasema kwa pamoja.

"Mimi. Nilikuwa nangojea nje. Roho inaenda mbio. Nikatafuna. Nikaingia mkono mtupu, nikaona aibu, nikatoka." Alimgeukia Kaltumi. "Halafu nikapiga kelele kushinda wote. Wiki nzima sikulala vizuri. Mama Safinah, nimekosa. Unisamehe."

Kaltumi alikuwa amemchukia mzee huyu kwa mwaka mzima. Lakini alijua kukubali kosa vile, mbele ya watu wote, si kazi ndogo.

"Nimekusamehe, Sajenti," alisema. "Lakini kweli, ulitafuna kura yako mwenyewe!"

Hapo hata Otema alicheka.

Uchaguzi ukaanza upya. Safari hii Anena alileta vifuniko vya chupa za soda, kila kimoja kimetobolewa tundu kwa msumari ili mtu asichanganye vya kwake. Hakuna awezaye kutafuna kifuniko cha soda, labda mbuzi wa Kaltumi. Anena alieleza mara mbili kila kifuniko ni cha nini, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiganda. Akamwambia Jjajja Nalwoga aeleze tena kwa maneno yake, ili ajulikane ameelewa. Vyungu vilipinduliwa mbele ya wote, vikagongwa matakoni. Mtu wa Otema na mtu wa Komakech walikaa mlangoni pamoja, wakahesabu kila anayeingia. Ndani hapakuwa na kitu ila mpiga kura na vyungu viwili.

Kaltumi alipoingia nyuma ya pazia alisimama kidogo. Palikuwa kimya. Hakuna jicho la mtu. Alishangaa kuona kifua chake kinapiga kwa furaha, kama ile siku ya mwaka sitini na mbili. Alitia kifuniko chake. Alichagua nani? Hiyo ni siri yake, na mpaka leo hajamwambia hata Kamis.

Vyungu vikaletwa nje juani. Anena akaanza kutoa kifuniko kimoja kimoja na kukiinua juu.

"Nyekundu, moja. Nyekundu, mbili."

Ndipo gari liliposimama barabarani. Mtu akashuka, mwenye miwani nyeusi, shati la maua na viatu vya visigino virefu. Watu wa Kampala walijua watu wa namna ile ni kina nani: wapelelezi wa serikali, waliochukua watu wasirudi. Anena alibaki na mkono juu, umeshika kifuniko.

"Nasikia hapa kuna uchaguzi," mtu yule alisema. "Nani ameruhusu uchaguzi?"

Otema akasimama, akapiga saluti, visigino vikalia. "Afande! Hii ni mkutano ya sufuria. Barua ya chifu iko hapa."

Mtu yule akasoma barua. Akatazama vyungu. "Nani anashinda?"

"Bado hatujui, afande. Tunahesabu."

"Hamjui?"

"Hatujui, afande. Hata mimi sijui, na mimi ndiye mkubwa."

Mtu yule hakuondoka. Aliegemea ukuta, akakunja mikono. "Hesabuni."

Kaltumi akasogea, akasimama karibu na Anena, bega kwa bega. Hesabu ikaendelea. Mwanzoni sauti ya Anena ilikuwa ndogo, kisha ikakua. Watu wakaanza kuhesabu pamoja naye. Nyekundu ziliishia ishirini. Nyeupe zikafika kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Zikaishia ishirini na tatu.

"Ishirini na ishirini na tatu," Kamis akasema, "ni arobaini na tatu. Hakuna iliyopotea."

Hakuna aliyeshangilia. Wote walimtazama Otema. Mtu wa miwani naye alimtazama.

"Mzee, umeshindwa," alisema. "Sasa utafanya nini?"

Otema aliingiza mkono mfukoni. Watu wengine walishika pumzi. Akatoa ufunguo wa stoo, akatembea mpaka kwa Komakech, akauweka mkononi mwake.

"Nampa ufunguo, afande."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Mtu yule alitazama ule ufunguo kama mtu anayetazama kitu ambacho hajapata kukiona. Kisha akarudi kwenye gari lake bila neno, na gari likaondoka. Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, mpaka mbuzi wa Kaltumi wakajibu kutoka mtaa wa pili.

Siku hiyohiyo wanachama waliweka masharti machache. Mtunza vyombo atachaguliwa kwa siri kila mwaka. Kila miezi mitatu atavitoa vyombo vyote nje, watu wavihesabu kwa macho yao. Anayeomba kwanza ataandikwa kwanza, awe alimchagua mtunza au hakumchagua. Msiba utapita mbele ya harusi. Na mtunza akivunja masharti, wataitwa wanachama wote kabla mwaka haujaisha.

Jumamosi Safinah aliolewa. Pilau ilipikwa katika sufuria nne. Watu wa Arua walikula, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Anena alicheza ngoma ya Wanubi, ingawa aliikosea, na Kaltumi hakukumbuka lini alimwona akicheza mara ya mwisho.

Jumatatu Kaltumi na Kamis walirudisha vyombo, vimesuguliwa kwa majivu vikang'aa. Walimkuta Otema amesimama mlangoni kwa Komakech. Kofia ilikuwa mkononi.

"Mtoto wa dada yangu anabatizwa," alikuwa anasema. Hakumtazama Komakech usoni. "Mwezi ujao, tarehe nane. Nilitaka sufuria mbili. Lakini nikasema, labda... Mimi ndiye nilikunyima mwaka mzima."

Komakech alifungua daftari, akaligeuza upande wa mzee.

"Tarehe nane hakuna mtu, Mzee. Andika jina lako."

"Na mimi pia?"

"Wewe si mwanachama?"

Otema alichukua kalamu. Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, na alipomaliza alilisoma jina lake mara mbili. Kisha alitoa pumzi ndefu. Kaltumi alimwonea huruma, na papo hapo akaelewa kitu. Mzee huyu aliogopa kuuachia ufunguo miaka yote kwa sababu alidhani asiye na ufunguo hapati kitu.

"Sajenti," alisema, "una mpishi wa hiyo siku?"

"Sina."

"Basi sasa unaye."